Mnyoo wa Chupani na Koti la Marehemu

Fundi bati wetu wa karibu na soko la Tabora amefariki. Habari niliipata kwa namna isiyonipendeza hata kidogo. Nilikuwa nimepeleka taa yangu itiwe lehemu, nikakuta mlango umefungwa, na muuza karanga aliyeketi barazani pale akaniambia huku akiendelea kufungasha karanga zake, "Fundi? Fundi hayupo, baba. Amekufa jana alasiri." Basi. Kama mtu anayesema fundi kaenda dukani kununua bati. Nilitaka kumgombeza, kisha nikajiuliza nimgombeze kwa kosa gani, maana alichosema ndicho kilichokuwa. Nikaondoka na taa yangu mkononi, nikarudi, nikaondoka tena. Tangu siku hiyo sijatulia. Makala haya nimeyaandika na kuyachana, mpaka mke wangu akaniambia nikapalilie mihogo, niache kuharibu karatasi. Lakini ninyi mnaonisoma mnajua tabia yangu: jambo likinikaa kooni sharti nilitoe hapa, mpende msipende.

Babu yake fundi alikuwa Mzaramo aliyekuja huku na mzigo wa msafara kichwani, akamwona mwanamke wa Kinyamwezi akitwanga, akautua mzigo na hakuuinua tena. Fundi alizaliwa hapa hapa, Kinyamwezi kikimtoka kama maji, lakini kwa ukoo alibaki Mzaramo, yaani mtani wetu. Vijana wanaosoma gazeti hili huko Dar es Salaam wanadhani utani ni kutukanana tu. Hata! Njia ile ya misafara ilikuwa ndefu, watu walikufa mbali na ndugu zao, na aliyewafukia alikuwa mtani. Ndiyo maana mpaka leo mtani akija msibani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Atajilaza kaburini akatae kutoka mpaka apewe chochote. Atavaa nguo za marehemu, atembee kama yeye, akohoe kama yeye, na mfiwa haruhusiwi kununa. Na atakachokibeba msibani ni chake moja kwa moja, maana mtani harudishi. Fundi wetu alijua lehemu, sikatai, karai langu la bafuni ni kazi yake na halivuji. Lakini sifa yake haikuwa lehemu. Sifa yake ilikuwa misiba. Watu walimpelekea habari za kifo kabla hawajamwambia sheikh au padre, kwa sababu msiba asiokuwapo yeye ulikuwa mzito kubebeka.

Miaka kadhaa iliyopita alikufa mchuuzi mmoja wa asali na nta kule Usoke. Huyo alikuwa Mnyamwezi, Mmoraviani, na fundi alikuwa Mwislamu, lakini utani hauulizi mtu anasali wapi, na hawa wawili walikuwa wakitaniana kila mchuuzi alipoleta nta mjini. Alikufa kwa tumbo, tena kwa ghafla, mtu mzima mwenye nguvu zake. Mkewe alikuwa mgeni pale. Mchuuzi alimwoa Uvinza, akaja naye kwa gari la moshi, na Usoke nzima mama huyo hakuwa na ndugu ila watoto aliowazaa mwenyewe. Fundi akafunga kibanda chake, akapanda gari, akaenda kuomboleza kwa namna yake. Mimi sikuwako. Ninayosimulia ya siku zile nimeyasikia kwa mdomo wake, na mtu yule hakuwa na kawaida ya kujipamba.

Walipokuwa wakingoja jeneza, akaingia ndani akalivaa koti la kaki la marehemu, lile alilokwenda nalo porini kwenye mizinga. Akatoka uani ameshika tumbo, kajikunja, anapiga kelele: "Mke wangu wee! Ugali gani huu? Umenitilia nini, mwanamke?" Watu mbavu hawana. Hata waliokuwa wakilia walicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ila kaka wa marehemu hakucheka. Akasema taratibu, "Mtani kasema." Maneno mawili tu, na yakatosha. Kumbe jambo lile lilikuwa likinong'onwa tangu mchuuzi alipolala kitandani, kwamba huyu mwanamke wa kuja kamlisha mumewe kitu, lakini hakuna aliyekuwa na uso wa kulisema. Sasa limesemwa hadharani, na aliyelisema ni mtu ambaye kwa mila hashtakiwi. Ulimi uliponza kichwa, walisema wa kale. Huu wa fundi ulikuwa unaponza kichwa cha mwenziwe, naye alikuwa akishangiliwa.

Akabaki kule mpaka siku ya kuanua matanga, anakula na kuchekesha. Siku hiyo, koti likiwa bado mwilini, tumbo likamshika kweli. Aliniambia lilianza kitovuni kama nguo inayokamuliwa, kisha likahamia chini upande wa kulia, likakaa hapo hapo. Akajikunja. Watu wakapiga makofi: "Ehee! Kama mwenyewe!" Akasema, "Jamani, nakufa." Wakaangua kicheko. Akaapa kwa Mungu, wakacheka zaidi, maana wao walijua hiki ndicho kipaji chake. Akatapika mbele yao, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Fikirini, wasomaji wangu: mtu anakufa na anapigiwa vigelegele! Kadiri alivyozidi kuomba ndivyo walivyozidi kumsifu. Nami siwalaumu sana. Walikuwa wamezoea kwamba mtu huyu akianguka ni mchezo, na siku alipoanguka kweli hakuwa na namna nyingine ya kuanguka.

Aliyemtambua alikuwa mjane. Alitoka ndani, akamtazama usoni, akasema, "Huyu haigizi. Mume wangu alikuwa na jasho hili hili." Wakamwambia akae chini, aache kuharibu matanga ya watu. Hakukaa. Alimshika fundi kwapani akamkokota hadi stesheni, yeye na mimacho ya watu mgongoni, na gari la mizigo la kwenda Tabora lilipofika akasimama mbele ya mlango wa gadi, msimamizi wa gari, akasema, "Baba, huyu humwachi hapa. Nimezika mmoja, inatosha." Gadi naye alikuwa mtu. Akampakia.

Bwana Mganga wa serikali alimpasua mara alipofikishwa. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amelala kimya, mtu ambaye sikuwahi kumwona kimya hata akila. Dresa mmoja, msaidizi wa Mganga, ndiye aliyenieleza. Tumboni, chini kulia, kuna kiutumbo kidogo kilichoning'inia, wao wanakiita kidole tumbo. Cha fundi kilikuwa kimevimba na kuiva karibu kupasuka, na walipokifungua ndani walikuta mnyoo. Si mdudu wa ajabu, ni mnyoo ule ule wa kawaida wanaoupata watoto wetu kwa mikono michafu na mboga zisizooshwa. Kwa kawaida hukaa utumboni ukala na mwenyeji wake bila ugomvi mkubwa. Lakini kwa nadra sana hupotea njia, ukajipenyeza katika kile kidole, ukakiziba, nacho kikaoza. Bwana Mganga mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, alisema kuwa wengi aliowapasua mahali pale hakukuta mdudu yeyote. Mnyoo alikuwa ameuona mara chache, na huko alikofanya kazi zamani, karibu na ziwa, aliwahi kukuta mayai ya kichocho. Alikuwa anafurahi, bwana yule, kama mvuvi aliyepata samaki asiyemtarajia. Alikuwa ameutia mnyoo katika chupa ya spiriti.

Fundi akafumbua macho. "Bwana Mganga, na mtani wangu wa Usoke? Naye alikuwa na hili?" Akaeleza aliyoyasikia kwa mjane: maumivu ya kitovuni, kisha kulia, kutapika, kisha nafuu ya ghafla iliyowafanya wote wamshukuru Mungu, kisha tumbo gumu kama ubao, kisha mauti. Mganga akafikiri. "Yaweza kuwa kidole kilipasuka," akasema. "Inafanana. Lakini amezikwa. Siwezi kuapa kwa mtu sikumwona. Na kama kulikuwa na mnyoo au hapakuwa, hiyo sitajua." Jibu la haki, na jibu la haki mara nyingi halimsaidii mtu.

Akiwa bado kitandani, wasafiri wa gari la moshi wakaleta habari za Usoke. Sasa wanasema mwanamke kamlisha na mtani pia. Kama si yeye, aliutambuaje ugonjwa kwa kutazama uso tu? Na kaka mtu kaamua: atapandishwa gari arudishwe Uvinza peke yake, watoto wabaki, watoto ni wa ukoo. Mdogo wao ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa. Fundi akageukia ukutani. Nilidhani amelala, kumbe analia. "Kaniokoa," akasema, "na mimi ndiye niliyemfunga kamba. Kwa kuchekesha watu!" Kisha akaomba apewe ile chupa.

Tulikwenda wote, nyuzi zikiwa ndiyo kwanza zimetolewa, mimi nikimshika mkono kwenye ngazi za behewa. Baraza lilikuwa kwa mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji huko kwetu, mzee mpole mwenye kusikia vizuri kuliko alivyopenda watu wajue. Tulipotokea tu, kicheko. "Mtani kafufuka! Habari za kuzimu, mtani?" Tukaamkia, "Mwangaluka," wakaitika huku wanacheka. Fundi akasimama akasema kwamba amekuja kwa jambo zito, na jambo lenyewe ni kwamba mama huyu hakumlisha mtu kitu. Wakacheka. Akasema yeye mwenyewe amepasuliwa tumbo, akafunua shati akaonyesha mshono. Mmoja akauliza fundi gani aliyemtia lehemu. Akaitoa chupa. "Nyoka! Katuletea nyoka!" Watoto wakakimbia, akina mama wakashika viuno kwa kucheka. Niliona jasho linamtoka, na safari hii halikuwa la ugonjwa. Miaka yote ile kila neno lake lilikuwa mchezo, na leo alipokuwa na neno la kweli hakuwa na mdomo wa kulisemea.

Aliyenyamazisha kicheko alikuwa yule kaka mtu. Alisogea, akaitazama chupa kwa makini, wala hakudharau. "Tukubali ni mnyoo," akasema. "Mnyoo uliingiaje? Kwa chakula. Chakula ulikula kwa nani?" Fundi akajibu kwamba mnyoo mkubwa vile haukui kwa siku za msiba, ametoka nao Tabora. Kaka mtu akatabasamu. "Ya mchawi hayangoji siku." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi mtu wa magazeti, mtu wa kusoma na kuandika, niliona kila jibu nililokuwa nalo mtu yule angeligeuza. Ukimwambia ni mdudu, atakuuliza kamtuma nani. Ukimwambia ni bahati mbaya, atauliza bahati mbaya ya nani. Mjane alikuwa ameketi pembeni na mtoto mapajani, na alikuwa amekwisha kukata tamaa. Nilimwona anavyomshika yule mtoto.

Ndipo fundi akafungua furushi lake, akatoa lile koti la kaki. Kicheko kikafa chenyewe. Alitembea hadi kwa mjane, akapiga goti pamoja na tumbo lake lililoshonwa juzi, akaliweka koti mikononi mwa mama yule. Hakumwita "mke wangu" kama alivyozoea kumtania. "Mama," akasema, "koti hili nililichukua kwa utani. Nalirudisha. Na maneno niliyoyasema nikiwa nimelivaa nayarudisha pamoja nalo. Siku ile hamkuwa na mtani hapa, mlikuwa na mtu mwenye mdomo mbaya." Akainuka kwa taabu, akawageukia watu. "Anayetaka kumshtaki mama huyu, aseme sasa kwa jina lake mwenyewe. Asisimame nyuma yangu."

Mwanangwa akamwuliza, "Fundi, unajua unachofanya? Mtani harudishi." "Najua, mzee." "Basi hapa kwetu huna utani tena." "Sina." Mzee akageuka kwa kaka mtu. "Mtani ametoka. Haya, sema wewe." Na kila mtu pale aliijua sheria ya serikali inayomfunga anayemwita mwenziwe mchawi, na kila mtu alijua kwamba akisema, sauti itakuwa yake mwenyewe. Kaka mtu akatazama chini. Hakuna aliyesema. Mwanangwa akasema mama abaki nyumbani kwake na watoto wake, baraza limekwisha, na kama kuna pombe iletwe.

Hili ndilo linaloniwasha mpaka leo. Chupa ilishindwa, wasomaji wangu. Ule mnyoo, ambao ulikuwa kweli tupu ndani ya kioo, haukumshawishi mtu hata mmoja, na koti kuukuu likashinda. Sisi tunaojiona tumesoma tunahubiri kila siku: osheni mboga, chimbeni vyoo, chemsheni maji, na mtu akishikwa na tumbo upande wa kulia akimbizwe hospitali kabla hajakimbizwa kwa mpiga ramli. Ni sawa, na mimi nitalihubiri tena kesho. Lakini tunadhani ukweli ukishatiwa chupani utajisemea wenyewe. Haujisemei! Unahitaji mtu anayeaminika, na mtu aliyemaliza kuaminika kwake katika mizaha na umbea atafanya nini siku akiwa na la kweli? Nazunguka na swali hili nyumbani kama kuku anayetaka kutaga. Nalitazama na katika mji wetu huu, katika maofisi, katika mikutano ya siasa inayochipua kila kona, hata katika gazeti hili. Mtu husema neno la kuchoma, watu wakacheka, naye akajitetea kwamba alikuwa anatania. Neno linabaki kwa yule aliyechomwa. Na yule kaka mtu, je, aliamini? Nadhani hakuamini. Nadhani alinyamaza tu.

Fundi alilipa. Aliporudi Usoke siku nyingine hawakumtania tena, walimletea kiti. "Wananiamkia!" aliniambia, amekasirika kweli kweli. "Shikamoo fundi, karibu fundi, keti fundi! Kama karani wa kodi! Bora wangenipiga." Alicheka aliposema hivyo, lakini nilimjua mtu yule. Aliendelea kuchekesha misiba ya mjini, ila kwa tahadhari, na nimemsikia akinyamaza katikati ya mchezo, mahali ambapo zamani angesema neno. Kila mara watu walidhani amesahau.

Tulipomzika walikuja watu wa Usoke, na mwanangwa kazeeka sana, anashikwa mkono. Waliketi uani kimya, wamekunja mikono, kwa sababu mwenyewe aliukata utani na wao ni watu wa kushika neno. Msiba wa Mzaramo bila mtani hata mmoja, maana sisi wa mjini tulikuwa tumekwisha kuwa wafiwa! Nilishindwa kukaa, nikawa natoka na kuingia. Jeneza lilipoinuliwa litolewe, mwanamke mmoja akapenya katikati ya watu akasimama mlangoni, akatanua mikono, akashika miimo yote miwili. Alikuwa mjane wa mchuuzi wa asali. Wanaume waliobeba wakasimama. "Hatoki mtu hapa," akasema kwa sauti kubwa, machozi yanamtiririka. "Huyu namjua mimi! Huyu ni mwongo huyu! Anakufa, namkokota mpaka stesheni, kesho anarudi! Fundi, amka, gari linaondoka, mgongo wangu umechoka!" Kisha mwanangwa akaanza kucheka, kicheko cha mzee kisicho na meno, na baada yake Usoke nzima ikapasuka, wakaruka wakaja mlangoni kumsaidia kuziba njia, kila mmoja na tusi lake, kila mmoja analia. Tulichelewa sana kufika makaburini. Yule kaka mtu nilimtafuta kwa macho sikumwona.

Basi funzo nililolipata ni hili, na ninalitoa likiwa bado linanichoma. Neno baya haliondolewi na ukweli peke yake, hata ukweli huo uwe chupani watu wanautazama. Huondolewa na yule aliyelisema, akienda mwenyewe mbele ya wale wale waliolicheka, na sharti aache pale kitu anachokipenda. Akikubali hivyo, kukirudisha si kazi yake tena. Ni kazi ya yule aliyekosewa, naye hukirudisha siku anayotaka yeye.